Uso Hauchorwi Upya

Mwezi Mei 2012, Big Finish Games, kampuni ndogo ya Salt Lake City katika jimbo la Utah, Marekani, ilifungua mchango kwenye tovuti ya Kickstarter ikiomba dola 450,000. Fedha hizo zilikuwa za kumrudisha Tex Murphy, mpelelezi binafsi mwenye kofia ya pama na koti refu, ambaye mchezo wake wa mwisho wa kompyuta ulitoka mwaka 1998. Mchango ulipofungwa mwezi uliofuata, watu wapatao 7,000 walikuwa wameahidi dola 598,104. Mwaka ule ulijaa michango ya namna hii. Mnamo Februari, studio ya Double Fine ya Tim Schafer ilikuwa imeomba dola 400,000 ikapata zaidi ya milioni 3.3, na baada ya hapo watunzi wengi wa michezo ya visa ya miaka ya 1980 na 1990 walisimama mbele ya kamera kuwaeleza mashabiki ndoto zao. Kwa sababu hiyo mchango wa Tex Murphy umezoeleka kuhesabiwa pamoja na mingine yote, kama kisa cha watu wa makamo kununua ujana wao. Mimi naona kisa hiki kina uzito wake peke yake. Mfululizo wa Tex Murphy ulikuwa wa video, ukichezwa na watu halisi waliopigwa picha, na jambo hilo moja linabadilisha kabisa maana ya kuufufua. Mhusika wa kuchorwa anaweza kusubiri miaka hamsini akarudi vilevile. Mhusika aliyebebwa na mwili wa mtu hana muda huo, na mashabiki ndio waliokuwa na sababu ya kulijali hilo kabla halijapita.

Tuangalie kwanza uso wenyewe ulivyopatikana. Access Software, kampuni nyingine ya hapo hapo Salt Lake City, ilijulikana zaidi kwa michezo yake ya gofu iliyoitwa Links. Mwaka 1989 ilitoa Mean Streets, hadithi ya mpelelezi anayehangaika katika San Francisco ya baada ya Vita vya Tatu vya Dunia. Aliyevaa koti la mpelelezi huyo alikuwa Chris Jones, mtu wa hesabu za fedha wa kampuni. Hakukodiwa kutoka Hollywood. Aliendelea kulivaa katika Martian Memorandum mwaka 1991, kisha mwaka 1994, akishirikiana na mwandishi Aaron Conners, akalivaa katika Under a Killing Moon, na hapo ndipo Tex alipokuwa mtu kamili anayesema, anayejikwaa na kuona haya mbele ya macho ya mchezaji. Mchezo huo ulikuja katika CD nne. CD moja ilibeba megabaiti zipatazo 650, na kifaa cha kawaida cha kuisomea wakati ule kilivuta kilobaiti 300 kwa sekunde, kiasi kidogo mno kwa video. Picha zilibanwa hadi nyuso zikawa za chengachenga, na mchezaji alilazimika kutoa diski na kutia nyingine kila hadithi ilipohama. Lakini kulikuwa na kitu humo ambacho michezo mingi ya video ya wakati ule haikuwa nacho. Mingi ilikuwa kazi ya kutazama kipande cha filamu, kuchagua neno, kisha kutazama kipande kingine. Katika Under a Killing Moon mchezaji aliingia mwenyewe ofisini kwa Tex, akaizunguka meza, akachuchumaa kutazama chini yake, akavuta droo na kupekua kilichomo. Akitoka nje anajikuta Chandler Avenue, anagonga mlango wa jirani, na anayefungua ni binadamu mwenye mikunjo usoni, aliyepigwa picha mbele ya kitambaa cha rangi moja kisha akapachikwa ndani ya chumba kile. Unamuuliza swali, anakukazia macho kabla ya kujibu. Mazoea ya namna hiyo, ya kurudi mtaani siku baada ya siku kuzungumza na nyuso zilezile, humfunga mtu na waigizaji kuliko filamu ya saa mbili.

The Pandora Directive ulifuata mwaka 1996 katika CD sita, hadithi yake ikigawanyika njia kadhaa kulingana na Tex anavyowatendea watu, na Overseer ukaja 1998. Huu wa mwisho umejengwa kama masimulizi: Tex yuko na Chelsee Bando, mwanamke aliyemtamani kwa miaka mingi, na anamsimulia kesi yake ya kwanza. Masimulizi yanapokwisha wawili hao wanapanda gari linaloruka, wanashambuliwa kwa bunduki, na mchezo unaishia hapo. Mwaka uliofuata Microsoft ikainunua Access. Microsoft ilikuwa imekwisha kuuza kwa jina lake michezo ya gofu iliyoundwa na Access, na gofu ndiyo iliyoendelea. Mwaka 2001 Jones na Conners walitoa tamthilia ya sauti tupu, yenye vipindi sita, kuiendeleza hadithi, lakini sauti haikuweza kuziba pengo la picha. Sisemi kwamba soko lilikosa akili. Kupiga video kulikuwa ghali, wachezaji walikuwa wakihamia kwenye michezo ya kasi kama Half-Life uliotoka mwaka huohuo wa 1998, na hata michezo ya visa iliyosifiwa sana, mfano Grim Fandango, haikuuza ilivyotarajiwa. Mfanyabiashara anayetazama hesabu hizo ana haki ya kufunga daftari. Ninachosema ni kwamba daftari la mfanyabiashara halina safu ya kuandika umri wa mwigizaji.

Kampuni yenye haki za jina maarufu huliona kama mali isiyooza. Lara Croft amechorwa upya mara kadhaa, kila kizazi na sura yake, na hakuna aliyelalamika kwamba yule wa kwanza amezeeka. Mario atakuwa na masharubu yale yale wajukuu wetu watakapokuwa wazee. Kwa mali ya aina hiyo kusubiri kuna faida, kwa kuwa hamu ya watu hukua kadiri miaka inavyokwenda. Kwa mchezo wa waigizaji halisi mambo ni kinyume. Brian Keith, aliyecheza katika Under a Killing Moon, alifariki 1997, kabla hata Overseer haujatoka. Kevin McCarthy wa The Pandora Directive alifariki 2010. Russell Means, Mlakota aliyekuwa mwanaharakati wa haki za wenyeji wa asili wa Marekani kabla ya kuwa mwigizaji, naye alikuwa katika Under a Killing Moon. Alifariki Oktoba 2012, miezi michache tu baada ya mchango kufungwa. Margot Kidder, aliyecheza katika mchezo huohuo, alifariki 2018. Nayataja majina haya kwa sababu kila moja ni mlango wa hadithi uliofungwa, ambao hakuna fedha zingeweza kuufungua tena. Microsoft ingekaa na haki za Tex hadi mwaka 2030 isipoteze kitu katika vitabu vyake. Aliyekuwa akipoteza ni anayempenda Tex, na ndiyo sababu haraka ilitoka upande wake. Jones na Conners waliianzisha Big Finish Games mwaka 2007, wakafanikiwa kuzipata haki za Tex, na michezo ya zamani ikaanza kuuzwa tena mtandaoni. Kilichobaki ni fedha, na fedha haikuwa na mahali pengine pa kutoka.

Takwimu za mchango zinaonyesha jambo hili kwa namna yake. Double Fine ilichangiwa na watu 87,142, na ukigawa jumla yao kila mmoja anaangukia kama dola 38. Wachangiaji wa Tex Murphy, kwa idadi niliyoitaja, wanaangukia kama dola 85 kila mmoja. Wastani una kasoro zake: watu wachache wanaotoa fedha nyingi huupandisha, na zawadi zilizoahidiwa hazikulingana. Hata hivyo tofauti ya zaidi ya mara mbili si ya kupuuzwa. Mamia ya maelfu ya watu hawakumjua Tex, na wao hawakuja. Waliokuja walikuwa wachache, na walijua wanachokitaka kwa undani: mwisho wa tukio lililokatika garini, ukichezwa na watu walewale. Walikuwapo hata mashabiki waliokuwa wameanza kujijengea upya mchezo wa Overseer kwa mikono yao, na baadhi yao wakaingizwa katika kazi ya mchezo mpya. Huo ni uhusiano tofauti na ule wa mteja na duka.

Atakayesema kwamba nalipamba jambo la bahati ana hoja, maana mapenzi ya mashabiki peke yake hayajengi mchezo. Miezi ileile ya mwaka 2012 kulikuwa na michango mingine miwili iliyokusanya kiasi karibu sawa na cha Tex. Yogventures, uliopewa nguvu na umaarufu wa watangazaji wa mtandaoni, ulipata dola 567,665, na mwaka 2014 ukafutwa bila kukamilika. SpaceVenture, wa Mark Crowe na Scott Murphy, watunzi wa Space Quest, ulipata karibu dola 540,000, ukawafikia wachangiaji mwaka 2022, miaka kumi baada ya ombi. Tesla Effect, ndilo jina ulilopewa mchezo wa Tex, ulitoka tarehe 7 Mei 2014. Fedha zilikaribiana na mapenzi hayakupungua kwa yeyote, ila watu walikuwa tofauti. Yogventures ilikuwa mikononi mwa timu changa iliyojitwisha mzigo mkubwa kuliko uzoefu wake. Crowe na Murphy walikuwa mabingwa, lakini hawakuwa wamefanya kazi pamoja tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na hawakuwa na haki za Space Quest, hivyo waliunda dunia mpya tangu msingi. Big Finish ilikuwa ikifanya kazi tayari. Kabla ya kuomba senti moja ilikuwa imetoa michezo midogo ya mafumbo, Three Cards to Midnight mwaka 2009 na Three Cards to Dead Time mwaka uliofuata. Haikuwa michezo mikubwa, lakini ilionyesha kwamba watu hawa wanaweza kuanza kitu na kukimaliza katika karne hii. Mchangiaji makini angeliangalia hilo kabla ya kuangalia video ya kuombea fedha, na naamini wengi waliliangalia.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la ujana. Linasema kwamba kazi inayolipiwa na mashabiki kabla haijaanza haiwezi kuwa na uhuru, maana anayelipa anataka alichokijua, na msanii anageuka fundi wa kurudia. Hatari hiyo ipo, na Tesla Effect haukuikwepa yote. Utani wake mwingine umekaa katika mwaka 1996, baadhi ya mafumbo yake ni ya kuchosha, na wahakiki hawakukubaliana juu yake. Lakini angalia walichokifanya na miaka iliyopita. Tex anaamka ofisini kwake mwaka 2050, na miaka saba imefutika kichwani mwake. Cha mwisho anachokikumbuka ni usiku ule na Chelsee. Anayemwigiza ni Chris Jones yuleyule, miaka 16 baadaye, uso umejaa, sauti imezama kidogo. Katika mchezo wa kuchorwa miaka hiyo ingefichwa. Hapa imewekwa mbele, ikawa ndiyo kesi anayoipeleleza. Kumbukumbu zinapomrudia, vipande vya video vya michezo ya zamani vinaingia katikati ya picha mpya, safi, zilizopigwa kwa kamera za kisasa: chengachenga zile za CD, Tex mwembamba, kisha tena Tex wa leo anayejitazama. Mchezaji aliyewajua wote wawili anaona muda wenyewe ukipita, na hakuna fundi wa michoro anayeweza kuutengeneza. Filamu zinajua jambo hili, lakini kwa michezo ya kompyuta ni nadra sana, kwa sababu karibu kila mhusika wake hana umri. Kazi ya namna hiyo haikuwezekana mwaka 1999. Ilihitaji kusubiri, na ilihitaji mtu wa kukatisha kusubiri kabla ya kuwa milele. Anayesema mashabiki walilipia marudio hajautazama uso huo vizuri.

Lipo pia suala la haki ya mchangiaji, na hapa nakubaliana na wakosoaji zaidi ya wanavyodhani. Anayetoa fedha kwenye Kickstarter hapati hisa. Mwaka huohuo wa 2012 Oculus ilichangiwa kama dola milioni 2.4 kutengeneza miwani ya uhalisia pepe, na mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 2. Waliowasha moto hawakuota joto lake. Kwa biashara inayolenga kuuzwa kwa mabilioni, mfumo huo una dhuluma ndani yake na sheria ingepaswa kuurekebisha. Lakini si kila fedha inayotolewa inatafuta faida. Msomaji wa Kiswahili anaijua mantiki hii kutokana na mchango wa harusi: unatoa kwa sababu unataka jambo lifanyike na lifanyike kwa heshima, na kipimo chako ni kama limefanyika, hukai kusubiri gawio. Mchango wa Tex Murphy ulikuwa karibu zaidi na huo kuliko ununuzi wa hisa. Haukuwa na utajiri wa kugombania. Kickstarter hukata asilimia 5, yaani karibu dola 30,000 katika fedha hizi, wasindikaji wa malipo wanachukua chao, zawadi zinachapishwa na kutumwa, na kinachobaki kinalipa waigizaji, wapiga picha, wachoraji na waandishi wa programu kwa karibu miaka miwili. Waliofanya kazi hiyo hawakutajirika nayo. Wachangiaji waliahidiwa mchezo wenye waigizaji wale na mwendelezo wa hadithi ile, wakaupata baada ya kuchelewa kidogo. Sioni nani alidhulumiwa.

Wengine huhofia kwamba fedha zinazokwenda kwa wazee zinawanyima vijana. Kwa aina hii ya michezo hofu hiyo haina ushahidi. Mwaka 2015, mmoja tu baada ya Tesla Effect, Sam Barlow alitoa Her Story, mchezo wa video wenye mwigizaji mmoja, Viva Seifert, akihojiwa na polisi, na mchezaji akitafuta vipande vya mahojiano kwa kuandika maneno. Ulisifiwa kila mahali, na wengi wakafuata njia hiyo. Sidai kwamba Tex ndiye aliyemfungulia Barlow mlango. Nadai tu kwamba wapenzi wa video walikuwa na nafasi ya vyote viwili.

Kinachonisumbua ni kilichokuja baadaye. Miaka kumi baada ya Tesla Effect hakuna mchezo mwingine wa Tex uliokuwa umetoka. Mchango ulitosha kumalizia kilichoachwa njiani, haukutosha kuanzisha maisha mapya, na sidhani kama unaweza. Mashabiki 7,000 hawawezi kuombwa dola 85 kila baada ya miaka miwili. Hii ina maana kwamba uchangishaji ni dawa ya dharura, na dharura yenyewe ilitengenezwa na mikataba. Sheria ya hakimiliki ya Marekani humruhusu mtunzi aliyeiuza haki yake kuidai tena baada ya miaka 35, lakini inaziacha nje kazi zilizotengenezwa na waajiriwa kwa niaba ya mwajiri, na michezo mingi ya kompyuta ndivyo inavyotengenezwa. Hata kama kifungu hicho kingewahusu watu wa Access, mchezo wa mwaka 1994 wangeusubiri hadi 2029. Kwa kitabu, miaka 35 ni mirefu lakini inavumilika. Kwa kazi inayotegemea mtu mmoja kuwa hai na mwenye nguvu za kusimama mbele ya kamera kutwa nzima, ni sawa na kutokuwa na haki kabisa. Wanaopiga video za michezo leo, na waigizaji wao ambao bado ni vijana, wana nafasi ya kuandika jambo tofauti katika mikataba yao sasa: kwamba mwenye haki asipotoa kazi yoyote mpya ndani ya miaka kumi, haki ya kuendeleza hadithi inarudi kwa walioitunga, pamoja na ruhusa ya kutumia picha za zamani. Bila ruhusa hiyo ya mwisho Tesla Effect usingekuwa na kumbukumbu za kumrudishia Tex, na wachangiaji wangelipia nusu ya mchezo walioutaka.